Tunaomba mstari mmoja wa aota kwenye kila ripoti ya kifua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu, na kama itabidi ukate basi kata popote lakini ule mstari mmoja ninaouomba huko chini uuache, kwa sababu ndio umenikalisha hapa mezani usiku wote huu na kesho niko zamu ya asubuhi.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za CT, zile za mashine ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, hospitalini hapa Nairobi. Sio mimi ninayesoma picha, anayesoma na kuandika ripoti ni daktari radiolojisti, mimi ni yule anakwambia lala hapa, inua mikono, vuta pumzi, shikilia, haya pumua. Nimeifanya miaka kumi na mbili. Vifua nilivyopiga siwezi kuhesabu, na kwa kila kifua aota inaonekana, hata kama umekuja kwa sababu ya kikohozi, hata kama ulianguka na bodaboda, ule mshipa mkuu unaotoka kwa moyo uko pale katikati ya picha mzima mzima. Lakini ripoti ikirudi mara nyingi haijautaja kabisa.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa anauza suruali za mitumba Gikomba. Mwaka juzi, Jumanne moja saa 12 asubuhi, alikuwa ameinama anakata nailoni ya belo kwa kisu akasikia maumivu kifuani, ya ghafla, si yale ya kuanza polepole yakizidi, yalikuja yote mara moja. Mama mmoja wa meza ya jirani alituambia alisimama akashika nguzo ya kibanda, kisu bado mkononi, akasema "nimechanika." Hilo neno hatukumwekea sisi mdomoni, ni lake. Na ndilo neno lenyewe.

Wakampeleka kliniki ya hapo karibu. Akafungwa ile mashine ya presha mkono wa kulia, ikasoma 110 kwa 70, akaambiwa mzee presha yako iko sawa kabisa kuliko hata ya kijana, hii ni asidi, akadungwa sindano ya maumivu na kupewa tembe za tumbo akaenda nyumbani Kayole kulala. Sasa mjomba alikuwa mtu wa presha miaka mingi, ya kwake 110 haijawahi kuonekana, na dawa alikuwa anameza siku akiumwa kichwa tu, kichwa kikipoa anaacha. Hakuna aliyejiuliza mbona leo imeshuka hivyo.

Mchana maumivu yakahamia mgongoni katikati ya mabega, halafu yakashuka kiunoni, na mkono wa kulia ukaanza kuwa baridi. Jioni ndo mama akanipigia simu, nikasema mpelekeni hospitali sasa hivi, na hapo hospitali ya pili grafu ya moyo haikuonyesha kitu cha maana lakini walikuwa wameshaanza kuzungumzia dawa za kuyeyusha damu wakidhani ni moyo umeziba. Dawa hizo kwa mtu aliyechanika aota zinaweza kumuua, damu inakataa kuganda na inavuja kila mahali. Kilichomwokoa kwa hizo saa chache ni tabibu mmoja kijana aliyemshika vifundo vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja, hivi, kidole gumba juu, akanyamaza kidogo, akamwambia nesi hamisha mashine. Kulia ilikuwa 104. Kushoto 178.

Mtu mmoja, dakika moja, mikono miwili, presha mbili tofauti hivyo. Asubuhi walikuwa wamepima mkono wa uongo.

Niseme kidogo aota ni nini kwa wale hawajui. Ni bomba linalotoka juu ya moyo, nene kama bomba la kumwagilia maji shambani, likipanda kidogo, likapinda kama mpini wa mwavuli nyuma ya kifua, halafu likashuka kando ya uti wa mgongo hadi tumboni. Damu yote ya mwili inapita hapo, kama lita 5 kila dakika ukiwa umekaa tu, na moyo unaipiga hiyo bomba mara kama 100,000 kwa siku. Ukuta wake una matabaka matatu. Presha ikikaa juu miaka na miaka, tabaka la ndani linachoka, siku moja linachanika, damu inaingia kwenye huo mpasuko na kuanza kuyatenganisha matabaka kama vile unavyochana maganda ya kitunguu, sasa bomba moja linakuwa na njia mbili, ya kweli na ya uongo. Na kila tawi ambalo hiyo njia ya uongo inalifikia linaweza kuzibwa: likiwa la mkono mkono unapoa, likiwa la ubongo unapata kiharusi, likiwa la figo figo zinazima. Ikichanika sehemu inayopanda karibu na moyo madaktari wanaiita aina ya A na hiyo ni ya thieta haraka, maana vitabu vinasema asipopasuliwa, katika siku mbili za kwanza kila saa inayopita inaondoka na mgonjwa mmoja au wawili kwa kila 100. Ikianzia kule inakoshuka ni aina ya B, hiyo wengi wanatibiwa kwa dawa za kuteremsha presha na mapigo ya moyo, na wengine wanawekewa bomba la ndani kwa kupitia pajani.

Ugonjwa sio mpya na hauchagui mtu. Mfalme George wa Pili wa Uingereza alikufa nao tarehe 25 Oktoba 1760, akiwa chooni asubuhi, na daktari wake Frank Nicholls alipompasua akakuta damu imejaa kuzunguka moyo na aota imechanika. Na Michael DeBakey, yule daktari wa Houston Marekani aliyekuwa kati ya wa kwanza kabisa kuupasua na kuushona huu ugonjwa miaka ya 1950, ulimpata yeye mwenyewe Desemba 31, 2005, akiwa na miaka 97, mwanzoni akakataa kupasuliwa, baadaye Februari 2006 akapasuliwa kwa njia alizozianzisha yeye na wenzake, akaishi mpaka 2008. Mimi hiyo habari huwa inanipa moyo sana. Mzee wa miaka 97 alipita. Mjomba alikuwa na 54.

Turudi kwa mjomba. Picha ya CT ilipigwa saa 2 usiku. Hapo sikuwa kazini kwangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo kama ndugu tu, na mwenzangu wa pale akanifungulia picha nione. Ule ukuta uliochanika ulionekana kama pazia jembamba linaelea katikati ya aota, kutoka kwa moyo mpaka chini kabisa kwenye kiuno. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni mshipa wa mkono wa kulia. Kwa kawaida upinde wa aota hutoa matawi matatu: la kwanza ni shina linalogawanyika kwenda mkono wa kulia na shingo upande wa kulia, la pili linaenda shingo upande wa kushoto, la tatu mkono wa kushoto. Kwa mjomba tawi la mkono wa kulia halikutoka kule mbele kabisa, lilitoka mwisho, baada ya mengine yote, likapinda kurudi kulia likipita nyuma ya umio, ile njia ya chakula. Na njia ya uongo ilikuwa imeingia ndani yake.

Hapo ndo nikakumbuka venye mjomba alikuwa anakula. Ugali kila tonge na maji. Tangu tukiwa watoto tulikuwa tunamcheka, tunasema mjomba anakunywa ugali. Siwezi kuapa ni huo mshipa, lakini madaktari wanajua tangu karne ya 18 kwamba mshipa wa mkono ukipita nyuma ya umio unaweza kuubana mtu akapata shida ya kumeza, na kuna watu wanazeeka nayo bila kumwambia daktari kwa sababu wanaona ni tabia tu.

Daktari wa upasuaji alikuja, mtu mpole, akatueleza bila haraka. Akasema akifungua aota ya huku mbele lazima asimamishe damu ya mwili, na muda huo ubongo unahitaji kulishwa kwa njia ya pembeni, na njia anayoizoea ni kuweka bomba kwenye mshipa ulio chini ya mtulinga wa kulia, kwa sababu damu ikisukumwa kutoka hapo inarudi hadi lile shina na kupanda shingoni. Kwa huyu, akasema, damu ikiingia hapo haipandi ubongoni, itaishia nyuma kwenye aota inayoshuka. Inabidi apange njia nyingine. Akauliza, huyu mzee hajawahi kupigwa picha ya kifua? Mama akasema alipigwa, ya kikohozi, wakidhani ni TB. CD iko wapi? Tukaangaliana. Hakuna aliyejua.

Alifariki saa 9 na dakika 20 usiku huo kabla ya kuingia thieta. Damu ya kumwongezea ilikuwa bado inatafutwa.

Sisemi ule mshipa ndio ulimuua, nisieleweke vibaya. Kilichomuua ni presha isiyotibiwa na saa 14 zilizopotea. Hata ile kukuta 110 mkono wa kulia inaweza kutokea kwa mtu mwenye matawi ya kawaida kabisa. Lakini kwa mtu wa haraka hivyo kila kitu unachokijua mapema ni dakika umeziokoa, na hili lingejulikana mapema, lilikuwa linajulikana, lilikuwa kwenye hiyo CD ndani ya nailoni juu ya kabati.

Wiki moja baada ya kutoka mazishini Makueni mama aliikuta hiyo CD pamoja na kadi za kliniki na risiti za kodi ya kibanda. Nikaiweka kwenye laptopu yangu. Ilikuwa ya miezi 14 kabla. Nikashuka picha baada ya picha, mapafu yako safi kweli, halafu nikafika kwenye aota nikachora mstari wa kupima upana. Sentimita 4.8. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu nikiwa nimebadilisha upande, 4.8. Aota ya mtu mzima hapo inatakiwa iwe kama 3 na pointi kidogo. Na ule mshipa wa kulia ulikuwa pale unapita nyuma ya umio, hata bila dawa ya kung'arisha mishipa unauona. Ripoti ilikuwa imeandikwa vizuri tu, mapafu hayana dalili za kifua kikuu, hakuna uvimbe, hakuna maji. Kuhusu aota hata neno.

4.8 sio ya kupasuliwa hapo kwa hapo, kwa wengi madaktari wanapasua ikifika 5.5, au chini ya hapo kama kuna ugonjwa wa kurithi kwenye familia. Lakini 4.8 iliyoandikwa kwenye karatasi ingemfanya mtu amwambie mjomba hii dawa ya presha ni ya kila siku, uwe unaumwa kichwa au huumwi, na belo mwachie kijana abebe, na kila mwaka urudi tupime. Angesikia. Alikuwa mtu wa kusikia akielezwa.

Sasa mtu ataniuliza, hayo maumbile tofauti si ni ya watu wachache? Hapana. Matawi matatu ya kawaida yanapatikana kwa watu kama saba kati ya kumi. Hao wengine watatu wana namna zao. Iliyo nyingi zaidi ni ile tawi la shingo ya kushoto linaposhiriki shina moja na la kwanza, wataalamu wanaiita upinde wa ng'ombe, na watafiti wameikuta zaidi kwa watu wa asili ya Afrika kuliko Wazungu. Jina lenyewe limekosewa, maana ng'ombe ana shina moja tu kubwa linalotoa matawi yote, nenda Dagoretti muulize mchinjaji akukatie moyo wa ng'ombe na mshipa wake utaona mwenyewe. Kama watu 5 kati ya 100 wana tawi la ziada, mshipa wa kushoto unaolisha nyuma ya ubongo, unaotoka moja kwa moja kwenye aota badala ya kutoka kwenye mshipa wa mkono. Ule wa mjomba ni kama mmoja kwa 100. Wale ambao upinde wote umepinda kulia badala ya kushoto ni kama mmoja kwa 1,000. Hapo sijataja wale 1 au 2 kwa 100 waliozaliwa na valvu ya aota, ule mlango wa damu pale moyo unapokutana na aota, yenye vipande viwili badala ya vitatu, ambao aota yao huwa rahisi kupanuka. Walimu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishachunguza matawi ya aota kwa Wakenya na kuchapisha, kwa hivyo sio mambo ya kuagiza kutoka nje, yako hapa kwa vifua vyetu.

Na kila namna ina maana yake siku ya kuchanika. Mwenye lile tawi la ziada la ubongo, akiwekewa bomba la ndani bila mtu kujua, bomba linaweza kulifunika na akaamka na kiharusi. Mwenye upinde wa ng'ombe, shina moja linalisha pande zote mbili za shingo, mpasuko ukiingia hapo ubongo mzima uko hatarini, ingawa pia daktari akijua anaweza kulitumia shina hilo hilo kulisha pande zote mbili. Kama wenye upinde huu wanakufa zaidi au la watafiti bado hawajakubaliana, wapo waliouona kwa wingi kwa wagonjwa wa aota, wapo waliokuta kwamba baada ya upasuaji wanapona sawa na wengine. Mimi nikisoma hizo tafiti naona jambo moja, wale waliopona sawa walikuwa wamesomwa picha zao vizuri kabla ya kisu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaosimamia idara za picha, za serikali na za watu binafsi, ni hili. Kila ripoti ya CT ya kifua, iwe ya TB, ya ajali, ya kansa, iwe na mstari mmoja: aota upana wake sentimita ngapi, matawi yametoka kawaida au vipi. Nimewahi kulisema hili kazini nikajibiwa radiolojisti ana picha nyingi mno, na ni kweli, nawaona wanavyosoma mpaka macho mekundu, sikatai. Lakini kupima upana ni sekunde chache, mimi mwenyewe naweza kumpimia nikamwachia namba aihakikishe, wenzangu wengi wangekubali kufanya hivyo kesho. Mwingine aliniambia tutatisha watu bure kwa maumbile ambayo hayawaumizi. Mimi nimekaa na watu wakati wanaambiwa majibu, mtu hatishwi na kuambiwa mshipa wako umetoka upande huu, haina shida ila ukienda kupasuliwa waambie. Anatishwa na kutoambiwa.

Na kwa wenzangu wa kliniki za mtaani, najua foleni, najua mashine moja watu arobaini. Lakini mtu akija na maumivu ya kifua au mgongo yaliyoanza ghafla kama ya kuchanwa, pima mikono yote miwili. Tofauti ikizidi 20 usimpe dawa ya asidi, usimpe dawa ya kuyeyusha damu, mtafutie gari. Serikali yenyewe kwenye uchunguzi wake wa 2015 ilikuta karibu Mkenya mmoja kati ya wanne ana presha ya juu na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata siku moja, sasa hao wakija kwako huo mkono mmoja ndio utakuwa wa kwanza maishani mwao, na unaweza kuwa wa uongo kama wa mjomba.

Wewe msomaji, ile CD ya picha zako usiiache hospitali na usiiweke mahali ni wewe peke yako unajua. Na kama ndugu yako wa tumbo moja au mzazi ameondoka kwa kuchanika aota au kwa kifo cha ghafla ambacho hamkuelezwa, omba upimwe, kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kinaionyesha ile sehemu ya mwanzo ya aota bila hata kuingia kwa CT.

Mama nilimpeleka mwezi wa pili baada ya mazishi. Alikuwa hataki, anasema kwani mimi nabeba belo. Aota yake ni sentimita 3.3, valvu ina vipande vitatu. Nilimwomba daktari aandike hivyo hivyo kwa herufi kubwa, akaandika, na mama ameikunja hiyo karatasi akaitia ndani ya Biblia yake, na dada zangu wote wameonyeshwa iko ukurasa gani.

Mpiga picha wa CT,
Umoja, Nairobi